Fundi wa Kuchuja Salamu

Mtaa mzima ulimwita Mtaalamu, naye akaitika. Jina hilo alipewa na kinyozi wa kona, siku alipomweleza kwa kirefu jinsi ya kupanga foleni ya wateja kwa kutumia simu, ilhali benchini alikuwa amekaa mteja mmoja tu, naye ni Mtaalamu mwenyewe. Kilikuwa kilemba cha ukoka, lakini yeye alikivaa kama cha hariri. Hata mkewe, aliyemjua tangu hajamiliki hata kikokotoo, alianza kumwita hivyo; isipokuwa yeye alilitumia jina hilo siku za kuudhika tu, na siku hizo hazikuwa haba.

Kazi yake ilikuwa kubuni programu za simu. Aliifanyia nyumbani, katika chumba kilichogawanywa kwa pazia. Upande wa dirishani alikaa mkewe na cherehani yake, maana mshonaji ndiye mwenye haja ya mwanga. Upande wa ukutani alikaa yeye na kompyuta, juu ya meza iliyotengenezwa kwa mlango mkuukuu. Tundu la kitasa lilikuwa bado lipo, akalipitishia nyaya. Alijivunia sana tundu lile. Wageni aliwaonyesha tundu kwanza, ndipo akawaonyesha watoto.

Hakuwa mtu mbaya kwa vile vipimo ambavyo watu hupimia wenzao. Hakulewa, hakugombana na jirani, na kodi ya nyumba ililipwa. Kasoro yake ilikuwa moja tu, nayo kwa sababu haina harufu wala haivunji vyombo, watu huihesabu kuwa ndogo: hakusikiliza. Masikio alikuwa nayo, tena mazima. Lakini ukimpigia simu aliilaza mezani, akafungulia sauti kidogo, akaendelea na shughuli zake huku akitia "mm" hapa na pale, kama mpishi anayetia chumvi bila kuonja. Alikuwa na "mm" ya kukubali, "mm" ya kushangaa na "mm" ya kusikitika, na mara nyingi alizichanganya. Shemeji yake alipompigia kumwambia ameachishwa kazi, alijibiwa kwa "mm" ya pongezi.

Siku moja mkewe alikuwa sokoni kununua vitambaa. Shule ikampigia kwamba mtoto ana homa, afuatwe. Akampigia mumewe aliyekuwa karibu. Mume akasema, "Mm, sawa." Alasiri mkewe alirudi, akamkuta Mtaalamu mezani na mtoto hayupo. Alimfuata mwenyewe, akamkuta amelala kwenye kibanda cha mlinzi wa shule, amefunikwa koti la mvua.

Alipomlaza mtoto kitandani na kumpa dawa, alivuta pazia.

"Nilikwambia nini kwenye simu?"

"Uliniambia habari za sokoni."

"Nilikwambia mtoto anaumwa."

"Hukusema kwa mkazo."

"Kumbe ugonjwa wa mwanao unataka mkazo. Mara nyingine nitakuja na tarumbeta, Mtaalamu."

Mtu mwingine hapo angetubu. Mtaalamu alipata wazo. Alifikiri hivi: ikiwa simu itarekodi kila linalosemwa, kisha iyageuze mazungumzo kuwa maandishi, basi hakuna haja ya kusikiliza, mtu atasoma baadaye, akipata nafasi. Mwenye ndoo iliyotoboka huziba tundu. Yeye aliona heri atengeneze ndoo ya pili, ya kukingia yale yanayovuja kutoka ile ya kwanza.

Alikuwa na mshirika aliyejulikana kwa jina la Suti, kwa sababu alikuwa nayo moja na haikumtoka mwilini. Suti hakujua kutengeneza kitu chochote. Yake ilikuwa kuuza kile ambacho mwenzake hajamaliza kukitengeneza, na kwa hilo hakuwa na mpinzani. Aliposikia wazo alikaa kwenye ukingo wa meza ya mlango, akafunga vifungo vya koti, akavifungua tena.

"Hii itatutoa," alisema. "Ila kitufe cha kurekodi kiwe cha buluu. Buluu ni rangi ya uaminifu."

"Kitufe cha kurekodi ni chekundu dunia nzima."

"Basi kiwe chekundu chenye uaminifu."

Walibishana juu ya rangi ya kitufe siku nzima. Walibishana juu ya ukubwa wa herufi, juu ya pembe za vitufe, kama ziwe kali au za mviringo. Juu ya kama ni halali kurekodi maneno ya mtu na kuyaweka, hawakubishana hata kidogo.

Lakini tumpe haki yake. Mwanzoni Mtaalamu aliweka sauti ya kike iliyotangaza kila simu inapopokelewa: "Mazungumzo haya yanarekodiwa." Ilikuwa sauti nzuri, tulivu, ya kompyuta. Wa kwanza kukutana nayo alikuwa mama yake.

Mama huyu aliishi peke yake katika mji wa pili, safari ya saa moja na nusu kwa basi. Ujana wake wote alikuwa opereta, enzi zile ambapo simu iliunganishwa kwa mkono wa mtu. Aliunganisha mawaziri na wafanyabiashara, wachumba na wagombanao, na kila alipowaunganisha alivua visikilizio masikioni papo hapo. Kusikiliza mazungumzo ya watu lilikuwa kosa la kufukuzisha kazi. Kwake yeye lilikuwa zaidi ya kosa, ilikuwa aibu. Kutokana na kazi hiyo alibaki na heshima kubwa kwa simu. Hakupiga akiwa amelala, hakupiga akiwa anatafuna, na hakuingia kwenye jambo kabla ya kumjulia hali kila aliye hai katika nyumba anayoipigia.

Aliposikia ile sauti alisema, "Hujambo, binti? Nipe mwanangu nizungumze naye." Sauti haikumjibu. Akakata simu, akampigia mkwewe.

"Mkwe wangu, hamjambo huko?"

"Hatujambo, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi si mtu wa kuingilia ndoa za watu, unanijua. Ila kuna binti anapokea simu ya mumeo. Sauti nzuri, adabu hana."

Mkewe alicheka mpaka akajichoma sindano. Wengine hawakucheka. Rafiki mmoja alikata simu na hakupiga tena. Shemeji yake, yule aliyeachishwa kazi, alianza kuzungumza kama yuko kizimbani: "Mimi, nikiwa na akili zangu timamu, nauliza kama mtakuwepo Jumapili." Suti akaamua kwamba sauti ile inaharibu soko.

"Mtu akijua anarekodiwa anakauka," alisema. "Tunataka watu waseme kama wanavyosema."

Mtaalamu akaiondoa. Katika programu nzima hilo ndilo lililokuwa neno pekee la kweli ambalo mpigaji aliambiwa, nalo likawa kasoro ya kwanza kurekebishwa.

Mkewe aliuliza kutoka upande wa pili wa pazia, pini zikiwa mdomoni, "Kwa hiyo sasa unawarekodi watu wenyewe hawajui?"

"Wanajua kwamba wanazungumza."

"Hata mwenye nyumba anajua kwamba ana nyumba. Hilo halimfanyi mwizi kuwa mgeni."

Mtaalamu akatia "mm".

Programu ilianza kufanya kazi. Iliandika, tena iliandika vizuri. Neno lililosemwa ndilo lililoonekana. Tatizo likawa jingine. Karatasi zilijaa salamu. Mazungumzo ya kuazima pampu ya baiskeli yalichukua kurasa nne, na pampu ilionekana kwenye ukurasa wa nne, chini. Kabla yake kulikuwa na habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za kazi, za mguu wa bibi, za yule ndugu aliyesafiri na za siku nyingi kutoonana. Mtaalamu aliyekimbia kusikiliza sasa alijikuta anasoma, na kusoma kulimchosha vilevile.

"Hizi zote ni pumba," alimwambia Suti. "Tunahitaji kichujio."

Akaipa programu jina la Kiini na akaiwekea kanuni. Kanuni ilikuwa rahisi, naye aliiona nzuri mno: kila kitu kuanzia salamu ya kwanza mpaka pale mpigaji atakaposema "nimekupigia", au "naomba", au "nataka", kitupwe. Kinachofuata ndicho kiini. Kama hakuna kinachofuata, programu iandike mstari mmoja: Salamu. Hakuna la kufanya.

Alimwita mkewe aje aone. Mkewe alikuja na tepu ya kupimia shingoni, akasoma kanuni ile mara mbili.

"Na mtu akisema 'salama, ila'?"

"Ila nini?"

"Ila chochote. Nani anaanza na msiba? Mtu anakwambia salama, hatujambo, wazima kabisa, ila tumefiwa. Umesahau baba yako alivyokufa? Mama alipiga akasema wazima wote. Tulijua kwenye ila."

"Salama ni salama. Kompyuta haina mambo ya ila."

"Basi haijawahi kuzungumza na mtu," mkewe alisema, akarudi dirishani kwake.

Ni kosa ambalo mgeni asiyejua lugha angesamehewa. Huyu alizaliwa ndani yake, akalelewa na mwanamke aliyeishi kwa simu, na bado hakujua kwamba waungwana hawabishi hodi kwa shida zao kwenye mlango wa mbele. Huziingiza polepole, kwa mlango wa uani, wakati wenyeji wanajuliana hali.

Ikatokea kwamba kampuni ya maji ya mji inatafuta chombo cha kurekodi simu za wateja wake. Dawati la malalamiko lilikuwa limezidiwa. Suti alipata nafasi ya kwenda kuionyesha Kiini mbele ya mkurugenzi, siku ya Alhamisi, asubuhi. Jumatatu ya wiki hiyo Mtaalamu alikuwa anatengeneza picha za kuonyesha ukutani, jasho linamtoka, ndipo simu ikaita. Alikuwa mama yake. Akaipokea, akasema shikamoo, akailaza mezani karibu na tundu la kitasa.

Mama alimjulia hali yeye, mkewe, watoto, na mtoto yule aliyekuwa na homa, mmoja mmoja. Kisha akasema:

"Mimi mzima, mwanangu. Mzima kabisa, salama tu. Ila jicho. Hili la kulia limeziba, na la kushoto nalo limeanza ukungu. Daktari amenipa siku, Alhamisi hii, saa nne, hospitali ile kubwa ya huku kwetu. Anasema si kazi kubwa, lakini lazima awepo mtu wangu wa kunipokea, maana nitafungwa kitambaa na sitaona njia. Bila mtu hawanigusi. Na anayekosa siku yake anarudi mwisho wa foleni, na foleni yenyewe ni ya miezi. Daktari anasema jicho halitangoja. Utakuja, baba?"

"Mm. Sawa, mama," alisema Mtaalamu, huku akisogeza picha ya kitufe chekundu ikae katikati.

"Ahsante, mwanangu. Nitakwambia kitu, usimwambie mtu. Naogopa. Mimi mtu mzima hivi, naogopa kama mtoto. Nikikuona wewe pale nitatulia."

"Sawa, mama. Sawa."

"Haya. Wasalimie."

Alipokata, Kiini ilitetemeka mezani ikatoa matunda yake: Mama. Dakika kumi na saba. Salamu. Hakuna la kufanya. Mtaalamu aliusoma mstari ule, uso ukamng'aa. Dakika kumi na saba, mstari mmoja! Mfano bora kuliko huo wa kuwaonyesha watu wa maji angeutoa wapi? Akauweka kwenye picha zake, wa kwanza kabisa.

Mtu atauliza kwa nini mama hakumwambia na mkwewe. Hakumwambia kwa sababu alikuwa ameshamwambia mwanawe, na mwanawe ameitikia. Kumzunguka na kumwambia mke ni kusema kwamba hamwamini. Hakumpigia tena kumkumbusha, kwa sababu hiyo hiyo. Jumatano jioni alifua leso, akapanga vitu vyake kwenye mkoba, akalala.

Alhamisi Mtaalamu na Suti walifika kwenye jengo la kampuni ya maji mapema. Vyoo vya ghorofani vilikuwa na ndoo mlangoni, maana bomba lilikuwa kavu, lakini chumba cha mikutano kilikuwa na zulia. Mezani kulipangwa chupa za maji ya kununua. Mkurugenzi aliingia na wakubwa wenzake, watu kama kumi hivi. Alikuwa mnene mwenye sauti ndogo, na kila alipozungumza wengine waliinama mbele wamsikie, jambo ambalo bila shaka alilijua.

Suti alifunga vifungo vya koti. "Waheshimiwa," alisema, "salamu ni gharama. Mteja anapiga simu, anauliza habari za asubuhi, na wakati huo kampuni inalipa mshahara. Sisi tumekuja kuwapa kiini."

Mtaalamu akauonyesha ukutani mstari wa mama yake. Alieleza kwamba huyu ni mpigaji halisi, mwanamke mtu mzima, mpenda maneno. Amezungumza dakika kumi na saba, na yote aliyoyasema ni haya hapa. Wakubwa walicheka. Mmoja alisema ana shangazi wa namna hiyo.

"Cheza hayo mazungumzo yenyewe," alisema mkurugenzi. "Nisikie mlichokata."

Mtaalamu hakusita. Alibonyeza, na sauti ya mama yake ikatoka katika spika mbili kubwa za pembeni.

Mwanzoni walitabasamu. Mama aliwauliza hali, na watoto, na homa ya mtoto. Ilipofika kwenye jicho, tabasamu zikaanza kupungua moja moja. Mtaalamu alisimama karibu na ukuta akisikiliza, na ndiyo mara yake ya kwanza kuyasikia maneno yale. Akasikia Alhamisi. Akasikia saa nne. Akasikia sauti yake mwenyewe ikisema "mm, sawa, mama," kwa uchangamfu wa mtu asiyekuwepo. Kisha watu kumi ambao mama hakuwajua, waliovaa tai na kushika chupa za maji, wakamsikia akisema kwamba anaogopa, na kwamba asiambiwe mtu.

Alitaka kuzima lakini kidole hakikupata kitufe, ingawa kilikuwa kikubwa, chekundu, na kilibishaniwa siku nzima.

"Leo siku gani?" mkurugenzi aliuliza.

"Alhamisi, mheshimiwa," mtu akajibu. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa nne.

Mkurugenzi alizungusha kifuniko cha chupa yake. "Kwa hiyo," alisema polepole, "mteja wangu akipiga akasema 'salama, ila maji hayatoki', hiki chombo kitaandika hakuna la kufanya?"

"Ndiyo. Ni kasoro, mheshimiwa. Nitairekebisha."

"Usiguse."

"Mheshimiwa?"

"Nimesema usiguse. Tunakichukua hivyo hivyo kilivyo."

Wakubwa wakapiga makofi. Mtaalamu alitoka ukumbini mbio, akampigia mama yake. Mama alipokea mara moja.

"Hujambo, mwanangu? Umefika wapi?"

Hapa ndipo mtu hujulikana. Angeweza kusema, Mama, sijaondoka, sikukusikiliza, naja sasa hivi, niombee kwa daktari. Ni maneno machache, na mama angeweza kumtafuta mtu mwingine wa kukaa naye, hata jirani.

"Niko njiani, mama," alisema.

"Haya, usikimbie. Nimekushikia nafasi hapa kwenye benchi, nimeweka mkoba. Wameshaniita mara moja, nikampisha mwenzangu. Nimewaambia mwanangu yuko njiani."

Suti alichungulia mlangoni. "Mkurugenzi anasafiri mchana. Karatasi ziko mezani. Sahihi tu, kaka, dakika tano."

Dakika tano za watu wa ofisini kila mtu anazijua. Kila ukurasa ulitaka sahihi. Mwanasheria alikuwa ghorofa ya chini, akaitwa, akaja na chai. Kukawa na hotuba fupi ya kushukuru, na hotuba ya kushukuru kwa kushukuriwa. Kukapigwa picha ya pamoja, ikarudiwa kwa sababu Suti alifumba macho. Simu ya Mtaalamu ilitetemeka mfukoni wakati wa picha ya kwanza, ikatetemeka tena wakati wa ya pili. Katika picha hiyo, ambayo mpaka leo imetundikwa kwenye mapokezi ya kampuni ya maji, anaonekana anatabasamu, mkono mmoja umebana mfuko wa suruali.

Alipofika hospitali adhuhuri ilikuwa imeshapita. Korido ilikuwa inapigwa deki. Kwenye benchi refu alibaki mtu mmoja, mama yake, amevaa gauni la kutokea, na mkoba wake umekaa kando yake kama mgeni. Muuguzi aliyekuwa anafunga chumba alimtazama Mtaalamu kuanzia viatu kwenda juu.

"Wewe ndiye uliyekuwa njiani?"

"Ndiyo. Dada, nakuomba, hata kama ni..."

"Daktari ameondoka. Tulimwita mara tatu. Kila mara anasema mwanangu yuko njiani." Akamgeukia mama kwa sauti nyingine kabisa. "Pole, mama. Utarudi kwenye foleni. Tutakuita."

Mama aligeuza kichwa kufuata sauti, akamtafuta mwanawe kwa lile jicho lenye ukungu, akampata. Akauondoa mkoba kwenye benchi.

"Umefika. Pole na safari. Keti."

"Mama, nisamehe. Kazi tu, iliniwia..."

"Salama, mwanangu. Salama tu. Ila," alisema, akanyamaza.

Mtaalamu alingoja. Kwa mara ya kwanza tangu utoto wake aliinama akamsogelea mama yake, masikio yote mawili yamesimama, akiingojea ile ila. Mama alivuta zipu ya mkoba mpaka mwisho.

"Twende," alisema. "Mabasi yatajaa."

Nyumbani Mtaalamu hakumwambia mkewe kitu. Aliyesema ni Suti, aliyekuja jioni ya kesho yake, furaha imempanda kichwani.

"Shemeji, mshukuru mama mkwe wako," alisema. "Sauti yake ndiyo iliyouza. Ilijaa ukumbi mzima."

Cherehani ilinyamaza. "Sauti gani?"

Suti akaeleza, na kila alipoulizwa akaeleza zaidi, kwa sababu hakuwahi kujifunza kuona uso wa mtu. Alisema na pale mama aliposema anaogopa.

"Mbele ya watu wote hao?"

"Kwenye spika," Suti alisema kwa fahari.

Mkewe hakupiga kelele. Alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mto wake, akachukua simu akatoka nje. Alimweleza mkwewe kila kitu, kwa sababu aliona kwamba mtu aliyeibiwa ana haki ya kujua kilichoibwa. Mama alinyamaza kwa muda mrefu, kimya ambacho Kiini ingekitupa na pumba.

"Miaka yangu yote kazini," alisema hatimaye, "hata ya maadui zangu sikuwahi." Hakumalizia.

Foleni ilichukua miezi, kama alivyosema. Alipoitwa tena, aliyekwenda kumpokea alikuwa mkwewe. Alifunga cherehani, akalala huko, akamwongoza kwa mkono alipofungwa kitambaa. Jicho la kushoto liliokolewa. La kulia, daktari alisema, lingetibiwa siku ile ya kwanza lingekuwa jambo jingine. Sasa linaona mwanga na vivuli, na kwamba dirisha liko wapi.

Kampuni ya maji, kwa upande wake, ilistawi. Malalamiko yalishuka mpaka mkurugenzi akapewa tuzo kwa kuwaridhisha wateja. Bomba la nyumbani kwa Mtaalamu lilikauka kama mabomba mengine ya mtaa. Mkewe alipiga simu kwenye dawati, akajuliana hali nao kwa adabu, akasema hawajambo ila hawana maji. Baada ya muda ulikuja ujumbe kwenye simu yake: Ahsante kwa salamu zako. Aliupitisha chini ya pazia mumewe ausome, akachukua ndoo akaenda kisimani kwa jirani.

Mtaalamu sasa anapokea simu kwa mikono miwili. Akimpigia mama yake anazima kompyuta kwanza, anakaa kitako, anauliza na kungoja. Mama humjibu vizuri. Humuuliza hali yake, na mkewe, na watoto mmoja mmoja, na yeye akiulizwa husema salama.

"Salama kabisa, mama?"

"Kabisa, mwanangu."

"Hakuna ila yoyote?"

"Hakuna. Wasalimie."

Kisha humpigia mkwewe. Mtaalamu husikia kutoka upande wa pili wa pazia: mkewe anaitikia, ananyamaza, anasema pole, anacheka, ananyamaza tena kwa muda, anasema tutaona la kufanya, Mama. Juzi yalikuwa mazungumzo marefu. Yalipokwisha Mtaalamu alivumilia, akashindwa, akavuta pazia.

"Mama anasemaje?"

Mkewe alikuwa anapenyeza uzi kwenye tundu la sindano. Aliulowesha kwa ulimi, akaupenyeza, akafunga fundo.

"Salamu," alisema. "Hakuna la kufanya."

Akarudisha pazia, akaanza kushona.